Neno Lililompigisha Wanjiru Magoti

Sisi tuliosomea Gakindu, tukienda shule pekupeku kwenye umande, Kiingereza kilituingia kupitia viganja, kwa fimbo. Mwalimu Githinji, aliyetufunza lugha hiyo, alikuwa na suti moja ya kahawia na maneno aliyoyalinda kuliko ng'ombe wake. Lililompandisha mori zaidi ni "presently". Kwake lilimaanisha "punde". Si "sasa". Kamwe si "sasa".

Tukiwa darasa la saba, Wanjiru, niliyeketi naye dawati moja, aliandika kwenye insha: "My father is presently in Mwea." Babake alikuwa huko Mwea, upande wa Wang'uru, akivuna mpunga.

"Ati presently?" mwalimu akauliza. "Kwa hivyo bado yuko njiani?"

"Hapana, mwalimu. Alifika kitambo."

Kwa jibu hilo alipigishwa magoti mbele yetu hadi kengele ya chakula, na insha yake, iliyokuwa nzuri kuliko zetu zote, ikapata sufuri. Tulicheka. Mimi nilicheka kwa sauti zaidi, nisije nikaonekana rafiki yake.

Wiki iliyofuata babake alirudi, akaja moja kwa moja hadi darasani, gambuti miguuni zikiwa na matope ya Mwea.

"Mwalimu, mimi nilikuwa Mwea ama sikuwa?"

"Ulikuwa, Baba Wanjiru."

"Sasa mtoto wangu alikosea wapi?"

Mwalimu aliagiza kamusi kutoka ofisini. Akaifungua kwa madaha, akasoma kimya, kisha akaanza kuifunga.

"Ngoja," mzee akasema. Yeye hakujua kusoma. "Wanjiru, kuja utusomee."

Wanjiru alisoma. Maana zilikuwa mbili: punde, na sasa. Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu alikata ile sufuri, akaandika alama kumi na nane kwa ishirini, na mzee alipoondoka akatuchapa sote kwa kupiga kelele, ingawa tulikuwa kimya kabisa.

Leo mwanangu yuko Nyeri mjini, na digrii yake, na ameniandikia kwenye simu: "Mum, presently nakam." Nikamuuliza, unakuja sasa ama baadaye? Akanitumia kikatuni kinachocheka hadi machozi. Hakuna wa kumpigisha magoti, na kwa hilo nashukuru. Lakini enzi zetu mzee aliacha mpunga wake kutetea maana ya neno moja. Mimi nimepasha chai mara ya tatu, na barabarani hakuna mtu.