Kompyuta ya Uchagani

Ukimpelekea Byabato kompyuta kwenye kibanda chake pale Bukoba mjini, usitegemee kwamba ataiwasha. Thubutu! Utamweleza mpaka mate yakukauke kwamba shida ni ndogo, mashine ni nzee, haiwezi Windows mpya, unataka akuwekee Linux tu, ule mfumo mwepesi wa bure, uendelee na mambo yako. Yeye keshashika bisibisi. Anafungua kwanza. Watu wananung'unika, wanamwita daktari wa kupasua, wengine wanabeba vitu vyao na kwenda kwa fundi mwingine. Hajibu. Zamani hakuwa hivyo. Zamani alikuwa na maneno kuliko redio, na kupenda sifa ndiko kulikomponza.

Alikuja mama mmoja kutoka Kamachumu, Klaudia, mkulima wa kahawa na migomba, amefunga laptopu kwenye khanga kama aliyembeba mtoto mchanga. Ilikuwa ya Gozbert, mwanawe wa pekee, mwalimu wa kwaya kwenye usharika wao wa Kilutheri. Pikipiki ilimuua barabara ya Muleba, na simu yake ikapotea palepale alipoanguka. Kwenye ile laptopu alikuwa amerekodi mazoezi ya kwaya, anaimba sauti moja moja ili watu wajifunze, na katikati anawagombeza. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote duniani. Miezi mingi baada ya matanga mama akajaribu kuiwasha, ikagoma.

"Nyimbo wataimba wenyewe," alimwambia Byabato. "Mimi nataka pale anapogomba."

"Nimekuelewa, mama. Ngoja niifungue nione ndani."

Klaudia akaweka mikono yote miwili juu ya laptopu. "Hospitali walishampasua mwanangu, hata sikuulizwa. Hiki usikipasue, waitu, nakusihi."

Sasa niambie, wewe ungefanyaje? Mama wa umri wa mama yako, kamasi na machozi vimechanganyika, ung'ang'anie bisibisi? Byabato aliirudisha mezani, na kwa hilo mimi simlaumu. Alisikia harufu ya moshi kwenye ile mashine, akaipuuza. Nyumba gani ya kijijini isiyonukia moshi?

Akaamua kupitia njia nyingine. Linux ina jambo moja zuri: unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi, bila kugusa kilichomo kwenye diski, kama mtu anayeingia kwa mlango wa uani, ule wa mbele ukikwama. Akachomeka flashi. Mashine haikuiona. Akahamishia tundu la upande wa pili, ikaiona, kisha kioo kikabaki cheusi tii. Wengine wangekata tamaa hapo. Byabato alijua kadi ya picha ya zamani ndiyo inayosumbua, akawasha upya, akaandika amri ya kuituliza, na muda si mrefu kioo kikaja na rangi zake. Akaingia kwenye diski. Faili za Gozbert zilikuwapo, zote, zimepangwa kwa majina ya nyimbo.

Na hapa ndipo ninapotaka kumzaba kofi. Flashi nyingine tupu ilikuwa mezani, karibu na mkono wake. Fundi yeyote mwenye akili ananakili kwanza, mengine baadaye. Lakini bwana mkubwa alikwishavimba kichwa, alitaka kuuona uso wa yule mama. "Sikiliza, mama," akasema, akabonyeza.

"Besi! Mmelala? Mnaimba kama mnakwenda kuzika. Tena!"

Klaudia alipiga ukelele, akacheka, akashika meza. Papo hapo mashine ikazima yenyewe.

"Mrudishe," akasema.

Byabato aligusa chini ya mashine, ikamuunguza vidole. Joto. Alijua kabisa kwamba inatakiwa kuachwa ipoe. Lakini yule mama alikuwa amemkazia macho, anasema mrudishe, mrudishe, naye akaiwasha tena. Ikazima kabla sauti haijatoka. Akaiwasha tena. Safari hii diski ikaanza kugonga, tik, tik, tik, na Linux ilipofunguka ikasema hakuna diski hapa. Akajaribu mpaka jasho likamtiririka. Hakuna kitu.

Ndipo Klaudia akasema kwa sauti ndogo, "Basi fungua."

Alipofungua, masizi yakamwagika mezani kwa mabonge. Feni ilikuwa imejaa masizi, haizunguki hata kidogo. Klaudia akayachukua kwa kidole, akayanusa, akaijua harufu ya jiko lake.

"Niliiweka uchagani," akasema. "Juu ya moto, pale tunapoweka mbegu za maharage na mahindi ili zisibunguliwe. Nilisema mchwa wasile kitu cha mwanangu. Nikawa napika hapo chini kila siku." Akajipiga kifuani. "Mimi. Nimemuua mara ya pili, mimi mwenyewe."

Mdomo wote ule wa Byabato, siku hiyo ukapata kufuli. Angeweza kusema, mama, faili zilikuwapo, ni mimi niliyekimbilia kukufurahisha kabla ya kunakili. Neno moja tu lingempunguzia mzigo. Hakusema. Alimwacha mama wa watu abebe yote mwenyewe, akunje khanga yake, aende kupanda gari la Kamachumu analia.

Alihangaika na ile diski kwenye kompyuta nyingine, ikabaki kugonga tu. Mwishowe akasafisha feni, akaweka diski nyingine, akapiga Linux. Ikawaka vizuri, tena haraka, na ndani hamna mtu. Majuto ni mjukuu, jamani.

Lakini ngoja nikwambie kinachomtafuna hadi leo. Klaudia hakumkasirikia. Kila akija mjini anampitia na mkungu wa ebitoke, mkubwa, uliokomaa. "Wewe ndiye uliyenifanya nimsikie mwanangu," anamwambia. Byabato anaupokea kwa mikono miwili, mama akiondoka anaugawa kwa majirani. Hajawahi kula hata ndizi moja ya yule mama.

Juzi alikuja tena. Amekonda. Alikaa kwenye benchi, akapumzika, kisha akauliza, "Mwanangu, siku ile Gozbert alisemaje? Maneno ninayo, ila sauti inanitoroka. Tulisikia wewe na mimi tu. Hebu iseme kama alivyoisema."

Byabato aliweka bisibisi chini. Akaipandisha sauti yake kadiri alivyokumbuka: "Besi! Mmelala?"

Klaudia alifumba macho, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Siyo hivyo," akasema. "Jaribu tena."