Kibao cha Mzee Chuma

Sebule yetu kule Weston, mtaa wa Toronto, ghorofa ya kumi na moja, ilinuka mafuta ya mashine, ingawa hapakuwa na mashine yoyote mle ndani. Harufu ilitoka kwenye kibao cha shaba ambacho baba alikisugua kila Jumapili. Alikuwa fundi wa mashine za kufumia katika kiwanda cha nguo Morogoro. Kiwanda kilipofungwa alikifungua kibao kile kwenye mashine yake, akakiviringisha ndani ya khanga ya mama, akaja nacho Toronto. Kilikuwa na jina la Mwingereza aliyeiunda mashine hiyo zama za Malkia Viktoria; kwetu ilifika ikiwa mtumba. Mafundi walimwita Mwingereza huyo Mzee Chuma, na kila asubuhi kabla ya kuwasha waliweka kiganja juu ya jina lake na kusema, "Shikamoo, Mzee." Aliyesahau, baba aliapa, nyuzi zilimkatikia kutwa.

Nilipokuwa darasa la tano mwalimu alitutaka tuandike maisha ya mtu mashuhuri. Wenzangu waliandika juu ya wacheza magongo ya barafuni. Mimi baba alinisimulia Mzee Chuma: jinsi alivyookota pamba chini ya mashine akiwa mtoto, akajifunza ufundi, akafungua karakana yake, akauza mitambo dunia nzima, mwishowe akaingia Bungeni. "Umeona, mwanangu? Hata fundi anafika," alisema. Miaka hiyo alikuwa akikunja mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, na bado aliamini.

Kisha akasikia kwamba kiwanda kidogo cha nguo Scarborough, upande wa pili wa jiji, kinatafuta fundi. Vyeti vyake vilipotelea Morogoro, kwa hiyo alichukua kibao, akanichukua na mimi nimkalimanie, kwani Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga. Meneja alikuwa kijana mpole. "Mwambie nimemtunza mzee huyu miaka kumi na tisa," baba alisema, akamkabidhi kibao kwa mikono miwili, ameinama kidogo, kama tunavyompa mtu wa heshima. Nilitafsiri kwa sauti ya chini mno. Meneja akadhani ameletewa zawadi. Akashukuru hadi machozi yakamlenga, akasema kazi yenyewe ni ya kompyuta na haimfai baba, lakini kibao atakitundika mapokezi. Niliona kosa palepale. Sentensi moja ya Kiingereza ingetosha: hii si zawadi, ndicho cheti chake. Niliona haya, nikanyamaza.

"Turudi tukakiombe?" nilimuuliza kituoni.

"Ukishampa mtu kwa mikono miwili unamdaije? Tutaonekana watu gani?" Ndani ya basi alinusa kiganja chake, kisha akautia mkono mfukoni. Hakuomba tena kazi ya ufundi. Alikunja mashuka mpaka mgongo ukamshinda.

Sasa baba hayupo. Kiwanda kile kimebomolewa na kibao sijui kilipo. Ukubwani nilisoma kwamba Mzee Chuma, alipofika Bungeni, alipinga sheria ya kuwapunguzia watoto saa za kazi viwandani. Hilo nalo sikumwambia baba. Leo mimi ni mkalimani wa hospitali. Kutwa nasema maneno ya watu wengine, hata yale yanayoumiza, na wananisifu kwamba siachi neno. Sentensi ile ya Scarborough ninayo bado, imenyooka kabisa, na hakuna aliyebaki wa kuambiwa.