Kumkaba Dodo

Juzi sokoni Sange, mama anayeniuzia mchele alifungua tyubu ya pomade ya kuchua viungo akajipaka bega. Harufu ya mentoli ilinipiga puani na macho yakanijaa machozi. Akaniuliza kama ni vumbi la mchele, nikasema ndiyo. Ninyi nitawaeleza, maana yule mama alikuwa na wateja.

Harufu ile ni ya nyumba yetu ya Songo, mwaka niliokuwa darasa la tatu. Siku hizo, kila kiangazi, ligi za mbali zikishafungwa, wachezaji wa basketi wanaolipwa huko nje walirudi nyumbani kupumzika. Mmoja alitoka Kigali, wengine Bujumbura ng'ambo ya ziwa, na mkubwa wao wote, Dodo, alitoka Ulaya. Walicheza kwenye tereni, uwanja wa saruji wa parokia, dhidi ya vijana wa mtaa, nasi tuliziita mechi za vakansi, yaani za likizo.

Msidhani kulikuwa na mlango wa kulipia. Tiketi ilikuwa bidoni, dumu la maji ya ziwa. Asubuhi ya mechi, washabiki wakubwa kwa wadogo tulipanda nayo kichwani tukaiosha saruji mpaka vumbi likaisha, na asiyeleta maji alitazamia nyuma ya ukuta. Pete za chuma zilivalishwa vipande vya wavu mkuukuu wa ndagala, kwa hiyo ukikaa karibu, kila mpira ulioingia ulikuletea harufu kidogo ya samaki. Nilikuwa nakaa karibu.

Dodo alizaliwa mtaa wetu, na akiingia nyumbani kwa mtu aliinama kama anayetafuta sindano. Watu walikuwa na hakika kwamba timu yake inamsikiliza, kwamba akimpenda kijana atampeleka Ulaya. Hakuna aliyewahi kupelekwa, lakini sababu hazikukosekana: huyu alikuwa mfupi, yule alichelewa kupata pasipoti. Basi kila mwaka, Jumapili kabla ya mechi, washabiki tulikutana nje ya kanisa baada ya misa tukamchagua kijana wa kumkaba Dodo. Majina yalitajwa, tukapiga makofi, na aliyepata makofi mengi ndiye. Wiki ile yote nyumba za mtaa zilimpelekea samaki wa mukeke ili apate nguvu.

Mwaka ule makofi yalimwangukia yaya wangu, kaka yetu mkubwa, Bahati. Alikuwa amemaliza shule na hana kazi, baba alikuwa ameshafariki, na nyuma yake tulikuwa sisi wadogo watatu. Mama alizipokea zile sahani za samaki kwa mikono miwili, akamwambia jirani, "Bahati akienda, bandugu yake bote batasoma." Mimi nilikula vichwa vya mukeke wiki nzima na kuanza kumwagiza Bahati viatu kutoka Ulaya.

Siku ya mechi Bahati alimganda Dodo kama kupe. Alimpokonya mpira, akampokonya tena, na mtaa mzima ukawa umesimama. Dodo alitabasamu tu na kurudi nyuma taratibu. Mzee mmoja kando yangu, aliyekuwa bado ameshika bidoni yake, alisema, "Angalia, Dodo anamupima huyu kijana." Nami nikaona kweli anapimwa.

Kisha mpira ukamponyoka mtu ukaelekea nje. Wote wawili waliukimbilia. Katikati ya njia Dodo aliacha kukimbia, akaweka mikono kiunoni. Bahati hakuacha. Aliuruka ule mpira, akaurudisha ndani kweli, na goti lake likapiga kwenye nguzo ya chuma ya pete. Tulipiga makofi. Tuliendelea kupiga mpaka tulipoona kwamba hainuki.

Dodo alikuja kumwona siku Bahati alipotoka hospitali. Alileta mikate, sukari, na tyubu ya pomade ya huko Ulaya. Majirani walijaa uani, na mimi nilisimama mlangoni kama mwenye mali. Alikaa kwenye kiti chetu kilichokuwa kizima, akamwambia mama kwa sauti ya chini, "Mama, unisamehe. Minye niko mu vakansi. Timu yangu inakatazaka nicheze kwa nguvu, ju nikiumia, kazi inaisha. Nilikuwa najinyoosha tu mwili."

Mama akamjibu, "Aksanti ya kuja, mwanangu."

Bahati alikuwa amelala kwenye mkeka, plasta hadi pajani. Aligeukia ukuta. Nilifikiri ni maumivu, na labda yalikuwa maumivu. Plasta ilipotolewa, mama alimchua kila jioni mpaka tyubu ikabanwa kama ganda la muhogo. Goti halikukunjika tena.

Kiangazi kilichofuata, makofi yalimwangukia mtoto wa jirani. Mama alikuwa anafunika sahani ya mukeke ya kuwapelekea, Bahati akasema kutoka kitini, "Mama, Dodo hatafutake muntu. Iko anapumzika." Mama hakumtazama. "Weye tulia," alisema. "Wivu si muzuri." Akatoka na sahani. Nami nilichukua bidoni yangu nikashuka ziwani, nikiona aibu kwamba yaya wangu ana roho mbaya.

Nilielewa siku nyingi baadaye, nilipopata kazi na vakansi yangu ya kwanza. Nilirudi Songo nikalala, nikala, nikacheka na kila aliyenijia na shida yake, na baada ya wiki sikukumbuka shida ya hata mmoja. Mtu aliye vakansi hayupo, ingawa unamwona. Sisi tulimwoshea mtu huyo sakafu, tukamwekea mtoto wetu mbele, tukauita huo mtihani.

Natamani Dodo angekuwa mwongo, nipate wa kumchukia. Lakini hakumwahidi mtu kitu. Alisema ukweli ndani ya nyumba yetu, mchana kweupe, na mama akamshukuru. Yaya Bahati alisema ukweli uleule, na sisi tukamwambia ana wivu.