Verlene Boykin, fundi aliyeijua meli kwa mishono yake

Mvua inaupiga Mto James tangu asubuhi, lakini ndani ya tumbo la meli hii ambayo bado haijakamilika, Verlene Boykin anatokwa na jasho. Amelala ubavu juu ya bamba la chuma, kofia ya kuchomelea imemfunika uso, na kutoka kwenye tundu alimojipenyeza inaonekana miguu yake tu. Cheche zinaruka. Kisha mwanga unazimika na sauti inatoka humo ndani.

"Curtis! Nani kasogeza taa yangu?"

"Hakuna aliyeigusa, bi mkubwa," anajibu Curtis Pettaway, fundi wa mabomba ambaye wamefanya kazi pamoja miaka mingi. "Macho yako hayo yanaomba kustaafu."

"Ustaafu mdomo wako kwanza."

Walio karibu wanacheka. Verlene anajikokota kutoka nje, anavua glavu na kuupapasa mshono wa kuchomelea alioumaliza, taratibu, kama mama anayepima joto la mwanawe kwa kiganja. Ni mwanamke mfupi wa miaka hamsini na minne, mwenye makovu madogo ya moto kwenye vifundo vya mikono na kicheko kinachomtangulia kila anakokwenda.

"Mshono mzuri haujitangazi," anasema. "Ukiona unang'ara kama bibi harusi, ushuku."

Hapa Newport News, jimboni Virginia, ndipo zinapozaliwa meli kubwa za kubeba ndege za kivita zinazoendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Kila familia ya mtaa wa East End ina mtu aliyewahi kuingia geti la kiwanda, na kwa akina Boykin alianza mzee Ezra, baba yake Verlene.

Ezra alikuwepo ilipojengwa ya kwanza kabisa, Enterprise, iliyoshushwa majini mwaka 1960. Enzi hizo weupe walipewa moto wa kuchomelea, weusi wakapewa nyundo na brashi ya chuma. Ezra aliondoa kutu na kusafisha mabamba hadi mgongo ukapinda. Hata hivyo alirudi nyumbani na hadithi.

"Baba alikuwa anasema wazungu wamejenga nyumba moja yenye majiko manane," Verlene anakumbuka, "kwa sababu hawakuwa na uhakika jiko moja lingeivisha nini." Ni kweli, meli ile ilikuwa na vinu vinane vya nyuklia. Zilizofuata zina viwili tu, na vinatosha.

Ukimuuliza vinafanya kazi vipi, hakupi somo la fizikia.

"Watu wakisikia nyuklia wanashtuka. Ni birika! Birika kubwa tu. Kinu kinatoa joto, joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mitambo, meli inakwenda. Mvuke huohuo ndio unaosukuma manati ya kurushia ndege. Tofauti ni kwamba birika hili hukai ukiongeza kuni. Linachemka miaka ishirini na zaidi bila kuongezewa kitu."

Verlene aliingia kiwandani akiwa na miaka kumi na tisa, na yeye alipewa moto. Siku alipofaulu mtihani wa kuchomelea mabomba ya mvuke, Ezra aliivaa kofia ya bintiye mezani, akala chakula chote cha jioni akiwa nayo, akiinua kioo kila anapotaka kutia tonge mdomoni.

Lakini kuna jambo ambalo wenzake walimtania nalo kwa miaka yote hiyo: fundi huyu wa meli alikuwa hajawahi kusafiri kwa meli. Binamu yake alizama pwani ya Buckroe walipokuwa watoto, naye tangu siku hiyo akayaachia maji samaki. Meli zake alizijua zikiwa nchi kavu. Zikishaondoka, alizipungia mkono akiwa amesimama penye lami.

Kwa hiyo binti yake wa pekee, Keziah, aliposimama jikoni miaka minne iliyopita na kusema, "Mama, nimejiunga na jeshi la majini," Verlene alidhani anataniwa.

Alikuwa anakaanga samaki. Alizima jiko.

"Shule ya mafundi ya kiwanda imekukubali. Barua iko pale."

"Najua. Nimeshatia sahihi kwingine."

"Bila kuniambia?"

"Ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa ndiyo! Ndiyo kazi ya mama!"

Samaki wale hawakuliwa. Kilichofuata, wote wawili wanakiri, kilikuwa kipindi kigumu. Keziah alituma ujumbe wa maneno machache: niko salama, nimekula, heri ya Krismasi. Mama alijibu kwa machache zaidi. Na kana kwamba mambo hayakutosha, binti alipangiwa meli ileile ambayo Verlene aliifanyia kazi zaidi kuliko nyingine yoyote, ile ambayo siku ya kushushwa majini alimbeba Keziah mchanga begani ili aione. Verlene huiita "yangu", na makala haya yataiacha na jina hilo.

"Nilijua kila bomba lililopita juu ya kitanda chake," anasema. "Sikujua anaota nini humo."

Kisha, mwishoni mwa safari moja ndefu ya miezi mingi, simu ikalia. Kuna desturi katika meli hizi: zikikaribia nyumbani, mabaharia huruhusiwa kumwalika ndugu mmoja asafiri nao kipande cha mwisho. Wageni hao huitwa simbamarara. Meli ingetia nanga Florida, kisha ipande kaskazini hadi Norfolk, bandari yake ya nyumbani.

"Nimeandika jina lako," Keziah alisema. "Ukikataa, nitaelewa."

"Hilo la kuelewa ndilo lililonichoma," Verlene anasema. "Alikuwa ameshazoea kukataliwa na mimi."

Curtis ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege. "Alishika mkanda wa gari njia nzima," anasimulia huku akicheka. "Nikamwambia, dada, hilo ni gari, bado hujafika baharini!"

Usiku wake wa kwanza melini haukuwa wa simbamarara. Alilala kwenye kitanda cha chini kati ya vitatu vilivyopandana, ndoo kifuani. Meli yenyewe haikuyumba sana. Ina urefu wa zaidi ya mita mia tatu na watu wanaotosha mji mdogo. Aliyeyumba ni yeye. Asubuhi Keziah alikuja amevaa fulana yake ya kijani, rangi ya wanaohudumia manati, akamkuta hajaamka.

"Mama, umekuja kunitazama mimi au kutazama ndoo?"

"Unajua kabisa siwezi bahari."

"Na wewe ulijua siwezi kujifungia kiwandani. Hukuniuliza hata mara moja ninachotaka."

Verlene aliivuta ndoo karibu. Keziah aliweka vizibo vya masikio, vya kuzuia kelele za ndege, kando ya mto wa kulalia wa mama yake, akaondoka bila kufunga mlango kwa nguvu. Mama yake anasema afadhali angeubamiza.

Alibaki pale akisikiliza vyuma. Baadaye ukaja mshindo kutoka juu, mzito, ukifuatiwa na mlio mrefu wa kitu kinachopumua. Manati yalikuwa yanajaribiwa.

"Nikasema, huo ni mvuke wangu. Mimi niliupitishia njia. Nimelala hapa kama gunia, na mvuke wangu uko juu unafanya kazi."

Akaamka. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine, macho kwenye chuma, hadi kwenye roshani ya mnara unaosimama kando ya sitaha. Na alipoinua uso, bahari ilikuwa pande zote, ya bluu na kubwa isiyo na aibu. Aliukumbatia ukingo. Baharia mmoja alimuuliza kama anahitaji kiti. "Nikamwambia nahitaji nchi kavu."

Siku hiyo ndege za mwisho zilikuwa zinarushwa kurudi kwenye kambi zao. Wakazi wa hapa hupenda kukumbusha kwamba ndege ya kwanza kuruka kutoka melini iliruka kwenye maji yao ya Hampton Roads, mwaka 1910, mbao na kitambaa vilivyogusa mawimbi kabla ya kupaa. Sasa chuma chenye uzito wa malori kadhaa husukumwa na mvuke kutoka kusimama kabisa hadi mwendo wa kuruka, kwa muda wa kupiga chafya mbili.

Verlene alimtafuta mtoto wake kati ya fulana za rangi zote. Akamwona akiwa amechuchumaa chini ya bawa, karibu na gurudumu la mbele, injini zikinguruma juu yake. Rubani alikuwa tayari. Mvuke ulikuwa tayari. Na hapo Keziah akasimama, akaipandisha mikono yake miwili na kuipishanisha juu ya kichwa.

Kila kitu kikasimama.

"Kile chuma kinachoizuia ndege hadi manati yafyatuke, kwangu kilionekana kama hakijakaa vizuri," Keziah anaeleza. "Labda kilikuwa kimekaa. Sikuwa na hakika. Pale juu mtu yeyote akiona shaka anasimamisha, hata awe wa cheo cha mwisho."

Wenzake walikikagua, wakakipachika upya. Naye akainama akatazama tena, bila haraka, watu wote wakimngoja. Ndipo akainua kidole gumba. Ndege ikaondoka kama jiwe, ikazama kidogo mbele ya omo, pua ya meli, kisha ikapanda.

Verlene anasimulia sehemu hii kwa sauti ya chini. "Mtoto yule shuleni alikuwa hawezi kumwambia mwalimu kwamba hajaelewa. Ukimpa chenji pungufu dukani, anasema asante na kuondoka. Leo kamsimamisha rubani, na wakubwa wote, na mvuke wangu mimi. Kwa mikono miwili tu!"

Walikutana kwenye ukumbi wa chakula. Kwa mujibu wa Keziah, mama yake alikuwa analia huku akisingizia vitunguu, na mezani kulikuwa na mayai na kahawa tu.

"Nilidhani jeshini watakufundisha kusema ndiyo maisha yako yote," Verlene alimwambia.

"Na hiyo wananifundisha, Mama. Kila siku."

"Nilikosea kutokuuliza. Sasa nakuuliza. Unataka nini?"

"Nataka mayai yako kama huyali."

Walicheka hadi meza za jirani zikageuka. Kisha Keziah akajibu kwa kirefu, na mazungumzo hayo wamekataa kumpa mwandishi. "Hayo ni yetu," anasema Verlene.

Mwaka ujao meli ile inatarajiwa kurudi Newport News. Baada ya robo karne birika limekaribia kumaliza moto wake, na kubadilisha mafuta ya nyuklia si jambo la kufungua kifuniko: meli hukatwa, hufunguliwa hadi kwenye vinu, na kazi yote huchukua miaka mingi. Baadhi ya mabaharia hubaki nayo. Keziah ameongeza mkataba na kuomba awe miongoni mwao.

Verlene angeweza kustaafu sasa. Amekataa. Ameshamwambia msimamizi wake kwamba siku ya kuifunga tena, anaomba apewe mshono mmoja, popote pale, hata mahali ambapo hakuna atakayeuona.

"Tutakuwa tunatoka nyumba moja asubuhi," anasema akivaa tena glavu zake, "tunaingia geti moja, tunapanda meli moja. Yeye na fulana yake, mimi na kofia yangu."

"Na ukimwona kasimama vibaya karibu na moto?" Curtis anamchokoza.

"Nitamfokea mbele ya kapteni," anasema Verlene, na anajipenyeza tena tunduni.