Bidoni Sitini Ndani ya Boti

Boti la mama mudogo lilipanda mwamba asubuhi moja ya ukungu, likitoka kisiwa cha Idjwi na mikungu ya ndizi, hatua chache tu kabla ya kufika Bukavu. Abiria walitoka wamelowa hadi kiunoni, wakicheka. Hakuna aliyeumia. Lakini mbao mbili za chini zilikuwa zimepasuka, nyuma imezama, na mbele imenasa juu ya jiwe kama mbuzi aliyepanda ukuta akashindwa kushuka.

Mama mudogo, mdogo wa mama yangu, alinisomesha fizikia chuo kikuu mpaka licence, shahada yangu ya kwanza, kwa mapato ya boti hilo hilo. Kiangazi, upepo wa ziwa huamka alasiri. Ungelikuta boti pale, ungelipigapiga juu ya mwamba mpaka libaki kuni.

Papa fundi, aliyeliunda, alifika na nyundo, bati na kipande cha godoro kuukuu. Alipiga mbizi, akaziba ufa kwa godoro na kulipigilia bati juu yake. Kisha akaagiza wanaume wavute.

"Kwa nini wavute?" nikauliza. "Nyuma imejaa maji. Wakivuta, si watakata boti katikati?"

"Na wewe unasema tufanye nini?"

Nilisema bidoni, yale madumu ya kuchotea maji. Bidoni tupu ya lita ishirini ikifungwa chini ya maji hunyanyua karibu kilo ishirini. Sitini zingetosha.

Kwetu mtaani Kadutu bomba hutoa maji linapotaka, kwa hiyo kila nyumba ina safu ya bidoni za njano. Nilipita mlango kwa mlango. Jirani mmoja, maman mwenye sauti ya kuita watu kutoka mlima wa pili, alinipa nne.

"Kesho asubuhi maji inakuya," akasema. "Bidoni yangu ikibakia ku ziwa, nitachota na kichwa yako!"

Akaamua kunifuata, azichunge mwenyewe.

Karibu bidoni zote hazikuwa na vifuniko. Sikujali. Nilimweleza papa fundi kwamba tukizifunga midomo ikiangalia chini, hewa haiwezi kutoka.

"Na boti ikiyumba?"

"Haitayumba sana, papa."

Alitazama ziwa, kisha akanirushia kamba. Mimi ninayeuliza kila jambo, hilo la kuyumba sikujiuliza mara mbili.

Tulizifunga chini ya viti, moja moja, vidole vikifa ganzi. Nyuma ikapanda kiganja kizima. Watu wakapiga vigelegele. Ndipo pirogi yenye injini ikapita, wimbi lake likatufikia, boti likainama upande, na kutoka chini kukaja mapovu, moja, kumi, mia. Nyuma ikarudi chini taratibu.

Yule maman wa bidoni nne akapaza sauti:

"Eeh! Licence yake iko inajamba!"

Ufuko mzima uliangua kicheko. Nilitaka kuzama pamoja na boti. Mama mudogo pekee hakucheka. Alikuwa akitazama upande wa kusini, maji yalikokwisha kuanza kukunjamana. Akauendea mzigo wake, akachomoa ndizi mbichi, akaikandamiza kwenye mdomo wa bidoni na kuivunja pale pale.

"Kule Idjwi tunafungaka hivi," akasema.

Nimebeba maji utoto wangu wote katika bidoni iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Sijui kwa nini chuo kikuu kilinisahaulisha.

"Utapoteza ndizi, mama mudogo."

"Ndizi inaota. Boti haiotaka. Fungua kamba!"

Tulizifungua zote sitini, tukaziziba, tukazifunga upya. Mikungu mitatu iliisha. Safari hii nyuma ilipanda na haikushuka. Tukachota maji kwa ndoo, tukashika kamba, na papa fundi akaanzisha wimbo.

"Wimbo ni wa nini?" nikauliza, maana siamini mambo hayo.

"Juu muvute wote mara moja! Ulifikiri iko ya mizimu?"

Nikavuta. Jiwe likakoroma, boti likaachia, likaelea limelegea kama mlevi, na upepo wa kwanza ukalisukuma kuelekea mchangani, kana kwamba nao ulikuwa umeajiriwa. Mama mudogo aliingia majini hadi kifuani, akaweka kiganja ubavuni mwa boti na kutembea nalo hivyo mpaka likagusa mchanga. Hapo ndipo alipocheka, na alicheka kuliko wote.

Jioni ile kila bidoni ilirudi Kadutu na ndizi yake mdomoni, na ndizi ikaenda moja kwa moja sufuriani.

Wiki mbili baadaye boti lilirudi ziwani na mbao mbili mpya, nyeupe kuliko nyingine. Mama mudogo alinipa nafasi ya mbele. Nilimuuliza papa fundi kama ana hakika mbao zile hazivuji.

"Sina," akasema, akanipa kopo la kuchotea maji.