Mfereji wa Koech na Mashine ya Chebet

Wacha niseme mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine, kwa sababu pale kituo cha majani chai bado kuna watu wanaoniuliza kama waya wangu umekatwa tena, na mimi huinamisha kichwa, nikapanga gunia langu kwenye foleni na kunyamaza. Nina aibu. Nilimsingizia jirani yangu mbele ya watu, nikasababisha bustani ya mke wangu ichimbuliwe, na mwishowe nikaharibu kwa mkono wangu kitu kile kile nilichokuwa nakilinda. Yote hayo yalitokana na jambo dogo nililofanya Jumatatu moja baada ya chai ya saa kumi.

Chebet alikuwa kifungua mimba wetu. Alitutoka mwaka jana baada ya kuugua kwa muda mfupi, na hapo sitaongeza neno. Alikuwa akifanya kazi ya kompyuta pale Roret, na wiki chache kabla hajalazwa alileta nyumbani kijisanduku cheusi, kidogo kama Biblia ya mfukoni, akakiunganisha na intaneti na kukiweka kwenye meza ya sebuleni, chini ya kalenda ya kanisa. Mimi niliishia darasa la nane, kwa hiyo alinieleza kwa mambo ninayoyajua.

"Baba, unajua vile majani yetu yanasafiri? Unampa karani, karani anampa dereva wa lori, dereva anapeleka kiwandani. Sasa fikiria kila mmoja anamjua tu aliyempa na yule anayempokea. Kiwanda hakijui majani ni ya nani, na wewe hujui yanaenda wapi. Hii mashine yetu ni kama yule dereva wa katikati."

"Na kwa nini mtu afiche majani yake?"

"Kuna nchi mtu akijulikana alichosoma ama alichoandika, anafungwa."

"Na sisi tunalipwa nini?"

"Hakuna kulipwa, baba. Ni kujitolea, kama kufagia kanisa."

Nilielewa, au niseme nilielewa vya kutosha. Mashine aliipa jina MajaniMawili, kwa sababu mchumaji wa chai huchukua majani mawili na chipukizi. Kando yake aliweka laptop kuukuu yenye programu ya kuichungulia, na kwenye skrini kulikuwa na mstari wa kijani unaopanda na kushuka kadiri watu wanavyopita, watu ambao hatutawajua kamwe. Pembeni juu kulikuwa na hesabu ya siku tangu mashine iwashwe. Kila kitu alikiandika kwenye daftari la kurasa thelathini na mbili, kwa Kiswahili rahisi, ili mimi niweze.

Hiyo hesabu ya siku ndiyo niliyokuwa naipenda. Kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma nilisimama pale na kikombe changu nikaisoma, kwa sababu aliyeiwasha ni yeye, kwa kidole chake, na tangu siku hiyo haijawahi kuzimwa. Stima ikipotea (na huku kwetu stima ikiona wingu tu inapotea) kulikuwa na betri, na betri ikilegea, Koech, jirani yangu wa ng'ambo ya ua, alileta ya kwake ya sola hata bila kuitwa. Alhamisi ninayotaka kukueleza, hesabu ingekuwa imefika siku mia tano na sita. Sikumwambia mtu, lakini moyoni nilijua kwamba ikianza tena kutoka moja, ile moja itakuwa yangu na si yake.

Sasa Jumatatu. Jumapili yake tulionywa kanisani kuhusu matapeli wanaoiba paswadi za watu, na mimi nikakumbuka kwamba paswadi ya mashine ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ukutani, mahali ambapo kila mgeni anayeletewa chai anaisoma akingoja sukari. Nikaona aibu. Nikafungua daftari la Chebet, ukurasa wa kubadilisha paswadi, nikafuata hatua moja moja kwa miwani na kidole mpaka mwisho wa ukurasa, nikaamrisha mashine isome maagizo mapya bila kuzimwa, kama alivyoandika. Mstari wa kijani uliendelea kupanda na kushuka. Nikajisifu kidogo (nakubali), nikarudi shambani.

Jumanne ilikuwa sawa. Jumatano ilikuwa sawa. Alhamisi asubuhi laptop ilikuwa imeisha chaji kwa sababu mtu alichomoa waya wake akachaji simu, na huyo mtu ni mimi. Nikaiwasha upya. Mstari haukupanda. Ulilala chini kabisa, umenyooka, na pale penye hesabu ya siku kulikuwa na sifuri.

Nilisimama pale mpaka chai ikapoa. Halafu nikatazama nje dirishani, nikamwona Koech na jembe lake. Tangu jana yake alikuwa akichimba mfereji wa maji kandokando ya ua wetu, na kandokando ya ua huo huo ndipo waya wetu wa intaneti umefukiwa, na yeye anajua, maana tuliufukia pamoja. Hapo sikuuliza kitu. Wala skrini sikuiuliza, wala Koech, wala mke wangu aliyesema kutoka jikoni, "Baba Chebet, mbona husemi kitu?" Nilichukua simu nikampigia Moraa, fundi wa simu na kompyuta pale Roret, nikamwambia waya umekatwa, aje na wa kuunga. Halafu nikaenda kuchuma, na siku nzima nilipokuwa nachuma nilikuwa nakasirika.

Alasiri nilifika kituoni watu wakiwa wengi, lori bado halijafika, kila mtu amekalia gunia lake. Koech alikuwa ameegemea nguzo ya mizani. Ningeweza kumwita kando, na mtu mwenye adabu angefanya hivyo.

Nilisema kwa sauti, "Koech, umekata waya wa mtoto wangu."

Koech akanitazama kama mtu aliyesalimiwa kwa lugha ya kigeni.

"Waya gani?"

"Wa intaneti. Mashine imekufa. Umechimba bila kuangalia, na ulijua uko hapo. Kitu kimeishi siku mia tano, wewe unakiua kwa mfereji wa maji."

"Boiyot," akasema polepole (ndivyo tunavyomwita mzee kwa Kikipsigis, na alipotumia neno hilo badala ya jina langu nilijua ameumia), "mimi nimechimba kwa upande wangu. Hiyo waya iko upande wako."

"Mfereji hauna macho."

"Lakini mimi niko nayo."

Mama mmoja akacheka, kisha akaficha kicheko ndani ya leso. Karani akasema bila kuinua kichwa kutoka kwa mizani, "Si muende mchimbue muone, lori litachelewa leo." Na kweli, Koech alikuwa ameshachukua jembe lake.

Basi tulienda, na nyuma yetu wakaja watu kama kumi na watano, kwa maana lori halikuwa limefika na hakuna aliyekuwa na jambo bora la kufanya. Koech alianzia pale kwenye nguzo ya stima. Alifukua kwa mikono sehemu zote zilizo karibu na mfereji, akainua waya, akaupangusa udongo, akasema, "Mzima," halafu akasonga hatua moja na kusema tena, "Mzima." Hakuwa na hasira, na hilo lilinitesa zaidi. Tulipofika penye bustani ya mke wangu nilisema labda ni hapo, kwa sababu nilishaanza kuogopa isiwe popote, na watu wakasaidia, na kwa muda mfupi safu mbili za vitunguu na nusu ya sukuma wiki zikawa juu ya nyasi mizizi ikitazama mawingu. Waya ulikuwa mzima mpaka unapoingia ukutani.

Mke wangu alitoka akasimama mlangoni. Aliangalia vitunguu, akaniangalia mimi.

"Mnatafuta nini kwa vitunguu yangu?"

Mimi, badala ya kumwomba Koech msamaha papo hapo kama ilivyonipasa, nilijiambia kwamba kama si waya basi ni mashine imeganda, na mashine ikiganda dawa yake kila mtu anaijua, ni kuzima na kuwasha. Nikaingia sebuleni na matope yangu. Watu wakajazana mlangoni.

"Si Chebet alisema isizimwe?" mke wangu akauliza.

"Imeshajizima. Huoni sifuri?"

"Mngoje Moraa basi. Si umemwita?"

Sikumngoja. Nilishika waya wa kijisanduku nikauchomoa. Taa yake ndogo ya kijani, ambayo kumbe ilikuwa ikiwaka muda wote huo na sikuwa nimeitazama, ikazimika. Nikahesabu mpaka kumi, nikachomeka. Taa ikarudi. Skrini ikabaki na sifuri yake.

Ndipo Moraa akafika kwa pikipiki na mkoba wake mgongoni. Ni mama wa Kisii aliyehamia huku zamani, haogopi mtu. Akapita katikati ya watu, akauliza jina la mashine, nikamwambia, akaandika kwenye simu yake.

"Mzee, nani alikuambia hii kitu imekufa? Iko juu. Huu mtandao uko na ukurasa wa wazi, kila mashine inaonekana. Ona yako hapa. MajaniMawili, inafanya kazi, siku mia tano na sita."

Alinipa simu. Nilisoma mara mbili. Mia tano na sita. Nilitaka kucheka, na nadhani nilicheka kweli, nikamgeukia mke wangu nimwonyeshe.

"Lakini huo ukurasa unachelewa kama saa moja hivi," Moraa akaendelea, akichuchumaa mbele ya laptop. "Haijazimwa leo, ama?"

Koech, aliyekuwa mlangoni na udongo mpaka viwikoni, alitazama chini.

"Nimeizima mimi," nikasema. "Sasa hivi."

Moraa aliacha laptop, akanigeukia. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Na wiki hii ulibadilisha kitu gani?"

"Hakuna." Halafu, kwa kuwa sijazoea kudanganya na hilo lilikuwa limenitoka tu, nikasema, "Paswadi. Jumatatu."

"Ulibadilisha kwa mashine peke yake?"

"Kwani iko wapi pengine?"

Alifungua faili moja ndani ya laptop, akanionyesha ile paswadi ya zamani imekaa pale. Programu ya kuchungulia ilikuwa na nakala yake. Ilipokuwa imefunguliwa tangu zamani iliendelea kuingia bila kuulizwa, lakini nilipowasha laptop upya ililazimika kubisha hodi, ikabisha na ufunguo wa zamani, ikakataliwa, na kwa kuwa haikujua la kusema ikachora sifuri. Mashine haikuwa na shida yoyote. Watu walikuwa wakipita siku nzima, nilipokuwa nakasirika kwenye michai, Koech alipokuwa akifukua, mpaka dakika niliyochomoa waya.

Moraa akaandika paswadi mpya. Mstari wa kijani ukapanda kidogo, kwa uvivu. Watu wa mlangoni wakapiga makofi, wakidhani mambo yamekwisha vizuri. Pembeni juu palikuwa pameandikwa dakika kumi na moja. Mke wangu aliona, akatoka nje kwenda kurudisha vitunguu ardhini.

Jioni hiyo, watu walipokwisha kwenda, nilichukua daftari nione ni wapi Chebet alikosea. (Ndiyo, niliwaza hivyo, na ninaandika kwa sababu ndivyo nilivyowaza.) Ukurasa wa paswadi uliishia mstari wa chini kabisa, kwa nukta, umekamilika. Nikaugeuza. Nyuma yake, juu kabisa, palikuwa na mstari mmoja kwa mwandiko wake: "Baba, usisahau kubadilisha na kwa skrini pia, ama utadhani imekufa."

Nilikaa na daftari hilo magotini muda mrefu. Nikageuza kurasa zote zilizobaki, moja moja, kuona kama kuna mahali pengine ameniita. Zilikuwa tupu.

Kesho yake nilikwenda kituoni mapema, nikangoja wajae kama walivyokuwa wamejaa jana, kwa sababu mtu uliyemsingizia hadharani humwombi msamaha kichochoroni. Nikasema nilimkosea Koech, waya ulikuwa mzima, mashine ilikuwa nzima, kasoro ilikuwa mimi. Koech alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Na mfereji wangu? Watu wako wameukanyaga wote."

Nilichimba mfereji huo siku mbili, na siku ya pili alinisaidia. Stima ilipopotea wiki iliyofuata alikuja na betri yake kama kawaida, akaiweka chini ya meza, akaangalia skrini, akasema, "Siku nane," kisha akaketi kunywa chai.

Paswadi haipo tena ukutani. Na siku hizi kitu chochote chenye maandishi, hata karatasi ya dawa ya kupe, nakigeuza nyuma kwanza kabla sijashika jembe, na kabla sijamnyooshea mtu kidole.