Mke wa Mwalimu Anaziba Pancha

Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, watoto watatu na mume mwalimu wa shule ya msingi, nilipoamua kwamba sitakaanga tena vitumbua. Nilikuwa nimevikaanga miaka minne mbele ya nyumba yetu hapa Tabora mjini, kwa sababu kila mtu aliniambia hiyo ndiyo biashara ya mama mwenye familia: unakaa nyumbani, jicho moja kwa watoto, jingine kwenye kikaango. Sikuvipenda hata siku moja. Mikono iligeuza vitumbua, masikio yakafuata baiskeli zilizopita barabarani. Niliweza kujua, kwa kusikiliza tu, ipi ina cheni iliyolegea na ipi gololi zake zinasagika.

Hilo nililipata kwa baba. Sisi ni watu wa Goweko, wakulima wa tumbaku, na baiskeli ya baba ilibeba kila kitu chetu: magunia, maji, hata mama siku alipokwenda kumzaa mdogo wangu. Baba hakupata mtoto wa kiume mpaka nilipofika darasa la sita, kwa hiyo wa kumshikia upande wa pili wa gurudumu nilikuwa mimi. Alinifundisha kuzamisha tyubu kwenye beseni la maji na kungoja povu. "Anayepanda baiskeli na hawezi kuziba pancha," aliniambia, "huyo ni abiria."

Halafu nikakua, nikaolewa, nikawa abiria.

Fundi wa pale njia panda karibu na kwetu alipohamia kwa mwanawe Kaliua, kibaraza chake kilibaki kitupu. Kilikuwa mbele ya duka lililofungwa zamani, mali ya bibi mmoja wa Kiarabu aliyeishi nyuma yake. Nikaenda kumwona.

"Unataka kuuza nini?" akaniuliza.

"Siuzi, bibi. Nataka kutengeneza baiskeli."

Akanitazama mikono. "Mume wako anajua?"

"Atajua leo."

Akacheka mpaka akakohoa. "Ufagie kila jioni. Na usinimwagie oili kwenye sakafu."

Jioni ile mume wangu alikuwa anasahihisha madaftari. Nikamwambia. Akadhani namtania.

"Na watoto?"

"Wakubwa wako shule. Mdogo nitakaa naye pale."

"Watu watasemaje?"

"Watasema."

Akarudi kwenye madaftari yake. Nilimwona akiweka alama ya kosa kwenye jibu lililokuwa sahihi.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mchoma mkaa, baiskeli imelemewa na magunia mawili, tairi la nyuma limelala chini kabisa. Akaniuliza fundi yuko wapi.

"Ndiye mimi."

"Hapana, mama. Fundi mwenyewe."

"Ndiye mimi, baba."

Akasema atamsubiri. Akaketi kwenye ukingo wa kibaraza, na mimi nikaketi kwenye kigoda changu, tukasubiriana. Jua likapanda. Hatimaye akasimama, akatazama barabara huku na huku, akasema kwa sauti ya mtu anayesalimu amri, "Haya, jaribu." Nilikuta miiba miwili ndani ya tairi, si mmoja. Nikaziba matundu yote mawili, nikamwonyesha miiba. Aliichukua akaitia mfukoni, sijui kwa nini, akanilipa, akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi na mwenzake.

Maneno yalifika kanisani kabla yangu. *Mke wa mwalimu anaziba pancha.* Waliyasema kama watu wanavyotaja ugonjwa. Mwanakwaya mwenzangu alinivuta pembeni akaniuliza kama nyumbani kuna shida, kama mwalimu amesimamishwa kazi. Nikamwambia nyumbani hakuna shida, nina kazi tu. Akaniombea hata hivyo.

Lakini kulikuwa na jambo moja walilolisema ambalo lilikuwa kweli. Niliweza kuziba, kukaza breki, kukata cheni na kuiunga. Kusuka gurudumu sikuweza. Baiskeli ikija na ringi iliyopinda au spoku zilizokatika nyingi, nilimwelekeza mwenyewe kwa mafundi wa sokoni, na mafundi wa sokoni walicheka: yule mama akishindwa anatuletea. Nilikwenda kuwaomba wanifundishe. Mmoja akaniambia nikajifunze kwanza kusuka nywele.

Basi Jumapili moja sikwenda kwaya. Mume na watoto walipokuwa kanisani, niliigeuza baiskeli ya mume wangu kichwa chini uani, nikatoa gurudumu la nyuma na kufungua spoku zote, moja baada ya nyingine, mpaka ringi ikabaki tupu kama ungo usio na utando. Niliwaza: nikiifungua mwenyewe, nitajua inavyofungwa. Niliwaza vibaya. Waliporudi nilikuwa nimekaa katikati ya spoku arobaini, na sikujua ya kwanza inakwenda wapi.

Jumatatu mwalimu alikwenda shule kwa miguu. Jumanne vilevile. Walimu wenzake walimcheka. Hakunigombeza, ila kila jioni alipangusa vumbi la viatu vyake mlangoni, mbele yangu.

Jumatano wakaja kutoka Ntalikwa mama mkwe wangu na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Habari za mwalimu anayetembea kwa miguu kwa sababu mkewe ameivunja baiskeli zilikuwa zimewafikia. Nikawapikia kuku. Hawakumgusa. Tukaketi sebuleni, na ile ringi tupu imeegemea ukuta mbele ya wote.

"Shemeji," akaanza kaka mtu, "tumekuja kwa amani. Mwanamke wa kwetu hakai barabarani akipaka grisi mpaka viwikoni. Mdogo wangu ni mwalimu. Anaheshimika."

Mama mkwe hakuzungumzia heshima. Alimvuta mtoto wangu mdogo, akaziinua nywele zake za kwenye paji la uso. "Na kovu hili, amelipatia wapi?"

Alilipatia kibarazani. Nilikuwa nimeinama kukaza ekseli, yeye akaikimbilia spoku iliyokuwa chini, akaiangukia. Siku ile nilifunga kazi nikalia, na siku mbili sikutoka ndani. Siku ya tatu nilipanga matairi chakavu nikamzungushia uwanja wake wa kuchezea. Sikuwa na la kuficha.

"Alilipatia kazini kwangu, mama," nikasema. "Lilinitoa machozi kabla halijakutoa wewe."

"Basi chagua," shemeji akasema. "Nyumba au kibaraza."

Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Kikaoni mimi ndiye wa kuleta maji ya kunawa. Nilisikia sauti yangu ikitoka na kwanza sikuitambua.

"Sichagui. Hakuna aliyemwambia mume wangu achague kati ya watoto na chaki. Unasema wanawake wa kwetu hawakai barabarani, shemeji? Misafara ya wapagazi ilipotoka hapa kwenda pwani enzi zile, wanawake wa Kinyamwezi walikuwemo, sufuria kichwani, mtoto mgongoni, miezi na miezi. Barabara hii tuliitembea kabla haijaitwa barabara. Kovu ni kosa langu, nimelirekebisha. Kazi si kosa. Siiachi."

Shemeji akamgeukia mdogo wake. "Sema wewe, mwenye nyumba."

Mume wangu aliitazama ile ringi. "Baiskeli ni yangu," akasema. "Mimi sijalalamika."

Nilitaka aseme zaidi. Nilitaka asimame. Hakusimama, na kwa muda nilimkasirikia yeye zaidi kuliko wageni. Walipoondoka, kuku bado alikuwa mzima kwenye bakuli. Tukamla sisi na watoto, na alikuwa mtamu.

Kesho yake nilikopa gurudumu la baiskeli ya jirani, nikaliweka mbele yangu, nikaacha kubahatisha. Nilifuata spoku moja kwa kidole kutoka kitovuni mwa gurudumu hadi kwenye ringi, nikahesabu inapishana na ngapi njiani. Tatu. Nikafuata nyingine. Tatu. Nilichora kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la mwanangu. Nilisuka, nikakosea, nikafumua. Mwanangu wa kwanza alifanya hesabu zake pembeni yangu, na mdogo alilala akiwa ameshika spana. Wali uliungua mara mbili. Tuliula.

Jumamosi adhuhuri nililizungusha gurudumu na halikugusa popote. Mume wangu akaipanda baiskeli, akaenda mpaka relini na kurudi. Akashuka, akalishika tairi na kulitikisa.

"Haliyumbi," akasema.

Kisha, akiwa ameelekea ukutani kana kwamba anaongea na ukuta: "Siku ile ningesema zaidi."

"Ndiyo," nikamjibu. "Ungesema."

Sikumwambia hakuna neno. Neno lilikuwapo, na alipaswa kulijua.

Sasa ni mwaka wa tatu. Ringi zilizopinda siwapelekei tena mafundi wa sokoni. Watu waliniambia baiskeli zinakwisha, bodaboda zimeenea kila mtaa, nitabaki nimekaa na spana zangu. Nikasema kama ni hivyo nitajifunza pikipiki. Nimejiandikisha chuo cha ufundi, vipindi vya alasiri, mwanamke peke yangu darasani. Mkufunzi alizoea kuuliza swali kisha kunipita. Sasa najibu kabla hajafika kwangu. Siku za darasa mume wangu ndiye anayepika. Ugali wake una madonge, naye anajua, nasi tunakula bila maoni. Kwaya nimerudi, kwa sababu napenda kuimba, si kwa sababu waliniita. Nikishika kitabu cha nyimbo wanaona kucha zangu zilivyo. Siziweki chini ya kitabu.

Zipo siku ninazochoka mpaka nasinzia nikiwa nimesimama. Mtoto wa kati aliwahi kusahauliwa shuleni, kila mzazi akidhani mwenzake atamchukua, na mlinzi akampa muhogo wa kuchoma. Sitasema maisha haya ni mepesi. Ninachosema ni kwamba ni yangu.

Mama mkwe wangu hajanisamehe. Akija sokoni kutoka Ntalikwa, hufika karibu na kibaraza akavuka upande wa pili wa barabara, kitenge kimefunika nusu ya uso, ili watu wasijue kwamba mimi ni mkwe wake. Mimi hutua spana, husimama wima na mikono yangu myeusi, na kumwita mbele ya wateja, bodaboda na wauza nyanya wote:

"Shikamoo, mama!"

Hawezi kuikataa shikamoo. Hakuna mtu mzima wa hapa anayeweza. Husimama, hukaza taya, na kutoka ng'ambo ya barabara hunijibu kwa sauti ambayo kila mtu anaisikia:

"Marahaba."